Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya kumbukumbu za mashujaa: liandikeni na jina la baba yangu mdogo

Waheshimiwa,

YAH: JINA LA ASKARI MGAMBO ALIYEFARIKI KAGERA, DESEMBA 1978

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie vijana mnaofungua barua maofisini, habari za kazi. Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Ndivyo tulivyofundishwa kuandika barua ya ofisini, nami nimeona nianze kwa adabu hiyo kabla sijafika kwenye yaliyonileta.

Mimi ni fundi makaburi. Karakana yangu iko Manyoni, na kazi yangu ni misalaba ya zege, vibao vya terazo na marumaru, na kwa ndugu zetu Waislamu yale mawe mawili ya kichwani na miguuni. Nimeifanya miaka 22. Katika miaka hiyo nimeona ndugu wakigawana ng'ombe na shamba la marehemu bila kelele, halafu wakaja kwangu wakagombana juu ya herufi moja. Mmoja anasema jina la baba linaandikwa kwa L, mwingine anasema kwa R, na jiwe liko chini, saruji inakauka. Huwa nawaacha wamalize. Siwezi kuwaharakisha, maana likishachongwa limechongwa.

Lipo jina moja sijawahi kulichonga, nalo ni la ukoo wangu mwenyewe.

Baba yangu mdogo alizaliwa mwaka 1958. Tarehe haijulikani, bibi alikuwa akisema tu kwamba ilikuwa msimu wa kuvuna uwele na kwamba alilia sana. Picha yake tuliyo nayo ni moja. Amesimama studio, nyuma yake pazia lililochorwa ndege na jengo refu, amevaa bugaluu na viatu vya raizoni vya kuazima, mkononi kashika redio ambayo si yake. Anajitahidi asicheke. Ukiitazama karibu utaona mguu mmoja wa suruali umepindwa ndani na kushonwa kwa mkono, kwa sababu suruali nayo ilikuwa ya mtu mrefu kuliko yeye.

Alikuwa mrina asali. Watu wa kwetu mnawajua, ukitaja Itigi mtu anawaza asali kabla hajawaza kitu kingine. Alikuwa na mizinga yake mitatu mbugani, ya magogo, aliyoichonga mwenyewe. Kila mrina ana alama yake anayoikata kwenye gogo ili asije mwingine akasema mzinga ni wake. Alama ya baba mdogo ilikuwa mikato miwili iliyosimama na mmoja uliolala chini yake. Alikuwa hajaoa. Alikuwa na miaka 20.

Alikuwa pia kapitia mgambo wa kijiji, kama vijana wengi wa wakati ule. Jeshi la Idi Amin lilipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, likakalia eneo lote la kaskazini ya mto, na Amin akatangaza kwamba ile sasa ni Uganda, kijijini kwetu habari zilifika kwa redio ya dukani. Novemba 2 Mwalimu alihutubia. Sina haja ya kuwarudishia maneno yale, mtoto wa darasa la tatu anayajua: uwezo, sababu, nia. Baba aliniambia kwamba hotuba ilipokwisha hakuna aliyesema kitu pale dukani, na mwenye duka akasahau kudai hela ya sigara. Wiki chache baadaye wanamgambo waliitwa. Baba mdogo alipandia gari moshi Manyoni, wakapita Tabora hadi Mwanza, kutoka hapo meli mpaka Bukoba. Alikuwa hajawahi kuona ziwa.

Barua yake ilifika moja tu. Tunayo, ingawa mchwa wamekula pembe ya chini, na pembe hiyo ndiyo iliyokuwa na namba yake ya jeshi. (Shikeni habari hiyo ya mchwa, nitairudia.) Ameandika kwa kalamu ya wino, mwandiko wa kulala, wa mtu aliyesifiwa mwandiko shuleni. Anamwambia baba: "Kaka, shikamoo. Sisi huku hatujambo. Mvua ni nyingi na ndizi ni nyingi kuliko mvua. Usiku tunasikia mizinga, lakini sio ile yetu. Ile yetu nakuomba uiangalie, mmoja ulikuwa bado haujaingia nyuki." Basi. Zaidi ya hapo anaulizia mbuzi.

Januari 1979 mwenyekiti wa kijiji alikuja nyumbani na askari wawili. Walimwambia bibi kwamba mwanawe amekufa kishujaa akipambana na adui. Baada ya siku kadhaa likaletwa sanduku lake la chuma. Ndani mlikuwa na sweta, sahani ya bati, kipande cha sabuni ya mche na bahasha mbili ambazo hazijaandikwa kitu. Bibi alikitumia kile kipande cha sabuni. Watu walimshangaa, lakini yeye alisema sabuni ni sabuni, na mwanangu hakuniachia shida, kaniachia sabuni.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo marehemu baba alinikataza kulisimulia.

Baba yangu mdogo hakupigwa risasi. Mwenzake waliyekuwa naye, ambaye bado yu hai na jina lake nalihifadhi, alikuja kwetu mwaka 1991 akaeleza. Walikuwa kwenye lori la mizigo, moja ya magari ya raia yaliyochukuliwa kwa kazi ya vita. Kyaka walikuwa wameshapita, kwa daraja la muda, kwa sababu lile lenyewe lilikuwa limelipuliwa na Waganda mwanzoni mwa Novemba. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Lori lilishindwa kilima, likarudi nyuma, likaacha barabara na kulala ubavu. Waliokuwa upande wa juu waliruka, lakini baba mdogo alikuwa upande ule mwingine, amekalia masanduku ya risasi ambazo hakuna hata moja aliyoifyatua kwa adui. Mwezi uliofuata wenzake walivuka mpaka wa Mutukula. Machi walikuwa Lukaya, Aprili Kampala. Yeye Uganda hakuiona.

Baba alilia siku ile kuliko, nadhani, siku ya sanduku. Aliona kama mdogo wake amevuliwa cheo. Akaniambia neno hili lisitoke humu ndani, watu wataanza kusema huyu hakufa vitani, huyu kafa kwa ajali ya gari. Nami nikanyamaza miaka yote hiyo.

Kisha nikaanza kusoma. Sikusoma sana, ni vile vitabu vichache nilivyoweza kuvipata, lakini nilikuta hesabu moja inayorudiwa: askari wetu waliofariki katika vita ile ni 373, na kati yao waliouawa mapiganoni ni 96. Nilisoma mara mbili nikidhani nimekosea. Kama hesabu ile ni ya kweli, basi wale 277 wengine walikufa kwa mambo kama ya baba mdogo. Ajali, maradhi, vitu visivyotengenezewa nyimbo. Yaani mtu wa kawaida katika wafu wa vita vya Kagera ni yule wa lori, na baba yangu alikwenda kaburini akiona aibu kwa jambo ambalo lilizikumba familia karibu tatu katika kila nne.

Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuwaandikia. Kila Julai 25 nasikiliza maadhimisho ya Siku ya Mashujaa. Naipenda siku ile, niseme wazi. Napenda Rais anapoweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, mabalozi na shada lao la maua. Mizinga inapopigwa huwa nacheka kidogo peke yangu, kwa sababu ya ile barua. Lakini maneno yanayosemwa ni yale yale: mashujaa wetu, waliomwaga damu, waliojitoa mhanga. Mashujaa wetu ni nani? Mtu akiniletea kazi akaniambia "andika tu marehemu wetu", nitamrudisha nyumbani akamuulize mama yake.

Ya pili ni sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam. Mwaka juzi nilikwenda mjini kununua mawe ya terazo, nikasimama pale muda mrefu hadi kijana wa maegesho akaniuliza kama nimepotea. Waingereza waliiweka mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, askari na wale wapagazi walioitwa miguu na mikono ya jeshi. Maandishi yake yanatoa ahadi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Nikaizunguka. Kifundi ile ni kazi safi, shaba yake haina doa. Lakini jina la mtu sikuliona hata moja. Wanaambiwa majina yao yatakumbukwa, na anayeambiwa hakuandikwa jina!

Ukitoka pale ukaenda Barabara ya Bagamoyo, kwenye makaburi ya vita yanayotunzwa na tume ya Jumuiya ya Madola, kijana wa Kiingereza aliyekufa hapa mwaka 1917 ana jiwe lake, na ndugu yake akiwa London atalitafuta jina kwenye simu na kulipata kabla chai haijapoa. Tume hiyo hiyo mwaka 2021 ilikiri kwa maandishi kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, pengine wengi zaidi, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Tulilaumu sana, na tulikuwa na haki. Lakini nilipokuwa pale kwenye sanamu nilijiuliza: yule Mwingereza alikuwa mkoloni, sisi tuna udhuru gani kwa Kagera?

Najua mtasema, mbona makaburi ya mashujaa ya Kaboya, kule Kagera, yapo. Yapo, na Mungu awabariki wanaoyatunza. Mamia ya askari wetu wamelala pale Muleba, na Naliendele kule Mtwara wamelala wenzao waliofia Msumbiji. Yule mwenzake baba mdogo alisikia kwamba waliozikwa njiani walihamishiwa Kaboya, lakini alisikia tu, hakushuhudia. Na hapa nisijifanye mwema: mimi mwenyewe sijafika. Kutoka Manyoni ni safari ya siku mbili, na kwa miaka mingi nauli ilikuwa ndiyo ada ya watoto. Baba aliweka akiba mara mbili, mara zote mbili ikala ugonjwa. Bibi alifariki mwaka 2006 bila kujua mwanawe amelala mstari wa ngapi, au kama amelala pale kabisa.

Tuliuliza. Mwaka 1994 baba alikwenda ofisi moja, sitaitaja, na waliokuwepo siku ile wengi wameshastaafu. Alivaa suti yake ya harusi. Aliulizwa namba ya jeshi ya marehemu. Akaeleza habari ya mchwa. Kijana wa mezani akasema bila namba hawezi kufungua faili, ila namba inapatikana kwenye faili. Baba aliisimulia hiyo kwa miaka, mwanzoni kwa hasira, mwishoni kama kichekesho cha kwenye pombe. Mwaka 2011 nikaenda mimi, ofisi nyingine. Nikapokelewa vizuri, nikaandikiwa kwenye daftari, nikaambiwa nitapigiwa. Namba yangu ya simu sijaibadilisha mpaka leo kwa ajili hiyo, ingawa mtandao wenyewe unanikera.

Ninachoomba ni kidogo. Chapisheni orodha. Kila aliyefariki akiwa kwenye kazi ya vita vya Kagera, awe JWTZ, mgambo, JKT, polisi au magereza: jina lake, mwaka aliozaliwa hata kwa kukisia, kijiji alichotoka, tarehe na namna alivyokufa, na pale alipozikwa. Iwe wazi, kwenye simu na kwenye karatasi, nakala ibandikwe kila wilaya, ili mama wa Ludewa au Newala asisafiri hadi Muleba kwenda kukuta jina halipo. Na pale kwenye "namna alivyokufa" mwandike ukweli. Ajali, andikeni ajali. Malaria, andikeni malaria.

Mkisema ni mambo ya siri za jeshi, nieleweshwe polepole. Idi Amin alikufa Jeddah mwaka 2003. Sisi na Uganda tuko jumuiya moja, malori yanapishana Mutukula usiku na mchana, na bomba la mafuta kutoka Hoima kwenda Tanga linaingia nchini upande ule ule. Siri gani imebaki katika jina la kijana wa Manyoni? Na uwezo tunao, tumeonyesha. Desemba 2017, vijana wetu 14 wa kulinda amani walipouawa Semuliki kule Kongo, majina yao yalitangazwa na vyeo vyao, tukayasoma magazetini, na mtu aliyekuwa hajawahi kukanyaga Kongo alijua nani kafiwa. Hakuna siri ya taifa iliyovuja kwa kufanya vile.

Kama tatizo ni fedha, niruhusuni nipige hesabu ya kifundi. Kwangu herufi moja ya kuchonga ni shilingi 500. Tuseme jina kamili lina herufi 20. Majina 373 ni herufi 7,460, sawa na shilingi 3,730,000. Hiyo ni pikipiki moja ya bodaboda na chenji ya kumvalisha dereva. Jiwe sijaliweka, wala usafiri, wala chakula cha fundi, lakini mmeona tunapoelekea. Wale raia wa Missenyi, mpakani Kagera, waliouawa majumbani mwao hesabu yao ni kubwa kuliko hao 373, nao wana wenyewe wanaowajua kuliko mimi, nawaachia waseme.

Kuna jambo la haraka, na kwa kweli ndilo lililonifanya niandike mwaka huu na si mwakani. Yule mwenzake baba mdogo sasa haoni vizuri. Mwezi wa pili nilimtembelea, akanisimulia tena habari ya lori, na safari hii kilima kilikuwa upande wa kushoto; miaka yote kilikuwa kulia. Sikumsahihisha. Wazee kama yeye wako kila wilaya, ndio faili lililobaki pale ambapo la karatasi limeliwa, nao wanapungua. Watendaji wa kata wanawajua. Mtumeni mtendaji na daftari kwa mwezi mmoja tu, akae na mzee, anywe naye uji, aandike. Akiambiwa kilima kilikuwa kushoto aandike kushoto.

Nimeambatisha nakala ya barua, ile pembe ikiwa hivyo ilivyo, na nakala ya picha. Redio iliyomo pichani ni ya mpiga picha.

Namba ya jeshi sina. Ila mzinga mmoja kati ya ile mitatu bado uko, nilikwenda nikaushusha Agosti. Gogo limepasuka na nyuki walishahama, lakini alama inasomeka ukiipitishia kidole. Nimeichora hapa chini ya karatasi, mikato miwili iliyosimama na mmoja uliolala, endapo itawasaidia kufungua faili.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi makaburi,
Manyoni